Beti Tatu kwa Punda Milia Mmoja

Kila Julai Mradi ulituletea madaktari kumi na wawili kutoka ng'ambo, waliokuja kujifunza kwa Sifael bila kujua kwamba wanajifunza kwa Sifael. Walidhani wanajifunza kwa Dokta Philemoni, kwa sababu ndiye aliyevaa tai. Walidhani pia wanajifunza kwa Profesa Anders, kwa sababu ndiye waliyepanda naye ndege. Sifael walimwona ni mtu wa kushika kichwa cha mnyama, na kweli alikishika. Lakini daktari akishafyatua bunduki ya sindano na punda milia akaanguka, kazi yote ya kumfanya yule punda milia asife ilikuwa hapo kichwani.

Mimi naitwa Tunu binti Hatibu, wa Levolosi. Baba yangu alitoka Kondoa akaja Arusha kuuza ngozi, mimi nikazaliwa hapa, nikasomea uchapaji, na tangu mwaka tisini na tano mpaka Mradi ulipojifia nilikuwa karani wake. Kila karatasi iliyotoka katika ile nyumba yenye geti la bluu ilipita chini ya vidole vyangu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia barazani. Niliyachapa.

Jina kamili lilikuwa Mradi wa Pamoja wa Tiba ya Wanyamapori. Pamoja, eti. Upande mmoja chuo kikuu cha nchi fulani ya baridi, upande wa pili bustani ya wanyama ya nchi hiyohiyo, upande wa tatu sisi. Mkataba ulisema madaktari wao watakuja kwetu kujifunza wanyama wa porini, na wetu watakwenda kwao kujifunza wanyama wa bustanini. Ukiusoma haraka unaona haki imetendeka. Wao walikuja kumi na wawili kila mwaka. Wa kwetu alikwenda mmoja, na kila mwaka huyo mmoja alikuwa Dokta Philemoni.

Safari ya kwanza alirudi na koti refu na slaidi mia mbili. Alituita sote ofisini, akafunga mapazia, akatuonyesha jinsi ya kutibu ukungu wa nyayo za pengwini. Safari ya pili alijifunza kukata kucha za tembo aliyezoea kuinua mguu akiambiwa. Nikamuuliza kwa heshima zote, "Dokta, hao pengwini kwetu wanapatikana kata gani?" Kisioki, dereva wetu, alicheka mpaka akatoka nje. Dokta hakucheka. Alisema elimu haina mipaka, nami nikarudi kwenye mashine nikaichapa ripoti ya pengwini, kurasa arobaini.

Sasa Sifael. Alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kaki na mabuti ya mpira ambayo sijawahi kumwona bila hayo. Serikali ilimwajiri akiwa kijana, msaidizi wa mifugo, na kwa miaka ishirini na sita alipanda na kushuka vile vijia vya mlimani akizalisha ng'ombe, akichanja ndama, akisimamia josho. Halafu upepo ukageuka. Tukaambiwa kila kitu ruksa: mitumba ruksa, televisheni ruksa, dawa za mifugo ruksa hata kwa muuza sukari. Serikali ikajitoa, josho likakauka, mbuzi wakalala ndani yake, na mwaka tisini na nne Sifael akapewa barua ya kupunguzwa kazini. Barua ilimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea, kana kwamba miaka yote ile alikuwa amejileta mwenyewe.

Wafugaji waliendelea kumwita, naye angeweza kuendelea kutibu kwa kujitegemea. Lakini uhuru ule wa biashara ulikuja na mlinzi wake mlangoni. Ofisi ya wilaya ikasema anayetaka kutembeza tiba au kufungua duka la dawa aonyeshe cheti cha mafunzo. Sifael hakuwa nacho, maana zama zake mtu alifundishwa kwa kushika, si kwa kukaa. Ndipo alipokuja Mradini akakubali kushika vichwa, kwa ahadi moja ambayo Dokta Philemoni aliitoa mbele yangu: akitumikia miaka mitatu, ataingizwa kwenye kozi ya wiki sita kama mwanafunzi, na mwisho wa kozi atapata cheti. Hicho tu ndicho alichokitaka Sifael. Hakutaka ndege wala pengwini. Alitaka karatasi ya kumruhusu kuendelea na kazi aliyoianza kabla mimi sijaingia darasa la kwanza.

Mara nyingi nilikwenda nao porini kuandika namba: saa, dozi, joto la mwili. Tulikwenda nyika za upande wa Terrat, ambako punda milia walikuwa wakilisha pamoja na ng'ombe wa Waarusha. Daktari analenga, sindano inampata mnyama pajani, mnyama anakimbia, anayumba, analala. Hapo wageni wanaanza kugombea damu, kupe, kinyesi na picha. Sifael anapiga magoti kichwani, anamfunika macho kwa kitenge cha mkewe, anaweka mgongo wa kiganja puani, kisha anaanza kuimba. Sauti nzito, ya chini, bila haraka. Ubeti ukiisha anainua vidole. Vitano, hakuna neno. Vinne, angalieni. Vitatu, leteni dawa ya kumwamsha.

Wimbo wenyewe niliutambua siku ya kwanza. Mimi ni Mwislamu, lakini nimekulia Levolosi ukuta kwa ukuta na Walutheri, na wimbo ule niliujua kabla ya kujua kusoma. Ni wimbo wao wa asubuhi, ulioletwa na wamisionari walipopanda mlima ule zama za babu zetu. Nilidhani mzee anajiliwaza tu. Tukiwa garini kurudi mjini nikamuuliza.

"Mzee, mbona unamwimbia mnyama?"

"Simwimbii, mama Najat," alisema. Najat ni binti yangu. "Nahesabu pumzi. Zamani bwana mifugo wetu alinituma nihesabu pumzi za ng'ombe wenye ugonjwa wa ndigana, kila ng'ombe nusu dakika, na mimi saa sikuwa nayo. Mwalimu wa kwaya alikuwa nayo. Tukaupima wimbo. Ubeti mmoja, ukiimbwa kama tunavyouimba Nkoaranga, ni nusu dakika kamili."

"Si wageni wana saa zao?"

"Wanazo. Lakini wakiona damu wanasahau kuziangalia."

Kwa miaka mitatu hakufa mnyama hata mmoja ambaye kichwa chake kilishikwa na Sifael. Walikufa wawili, na wote wawili walikufa juma moja, Sifael alipokuwa amelazwa kwa malaria. Siku zote mbili wageni walikuwa na saa zao mkononi. Ripoti ilisema wanyama wale walikuwa na udhaifu wa moyo. Niliichapa hiyo nayo.

Mwaka tisini na nane miaka mitatu ikatimia. Mwezi Mei nilichapa orodha ya wanafunzi wa Julai: wageni kumi na wawili, na namba kumi na tatu, Sifael wa Nkoaranga. Nilimwonyesha. Aliiangalia muda mrefu, akaniomba nimsomee tena jina lake kwa sauti, nikamsomea. Jumatatu iliyofuata aliniletea mkungu wa ndizi, akauacha mlangoni.

Basi wafadhili wakabadili nia. Wafadhili wana misimu kama mvua, ila mvua hutoa taarifa. Mwaka ule msimu ulikuwa wa maarifa ya jadi. Kila mradi uonyeshe wenyeji wanajua nini tangu kale. Profesa Anders alipopata habari hiyo akakumbuka kwamba kuna mzee anayewaimbia wanyama. Alikuja na kinasa sauti, akamrekodi Sifael akiimba juu ya punda milia watatu, kisha akauliza maana ya wimbo. Na alimuuliza nani? Si Sifael, aliyekuwa amesimama pale akifuta vumbi magotini. Alimuuliza Dokta Philemoni. Dokta akajibu, "Ni mila za huku."

Kwa hiyo juma moja baadaye nikaletewa Sura ya Saba ya kitabu cha mwongozo, niichape. Ilisema wazee wa Mlima Meru hutumia nyimbo za kale za mizimu kuizuia roho ya mnyama isitoke mwilini anapolala. Ilisema nyimbo hizo hurithishwa kwa siri kutoka baba hadi mwana. Ilisema maneno yake hayatafsiriki. Wimbo wa Jumapili asubuhi, ambao hata mimi binti wa Kiislamu naweza kuuimba nikifua nguo.

Nikaichukua ile karatasi nikaenda nayo kwa Dokta.

"Dokta, samahani. Huu si ndio wimbo wenu wa kanisani?"

Aliinuka akafunga mlango. "Profesa ameshaandika, Tunu."

"Lakini wewe unaujua. Wewe si mwenyekiti wa kwaya?"

"Sikiliza. Wafadhili wanataka mila. Ukiwapelekea wimbo wa kanisa watakuuliza, sasa hapa jadi iko wapi? Chapa kama ilivyo."

"Na mzee Sifael?"

"Mzee Sifael atanufaika. Atakuwa na sura nzima kitabuni. Mimi mwenyewe sina sura."

Nikachapa. Naliweka neno hilo wazi, kwa sababu nawadharau watu wote wa hadithi hii isipokuwa mmoja, na si haki nijiruke mimi. Nilikuwa na mtoto wa kulea, chumba cha kupanga, na mume aliyekwenda Mererani kuchimba vito akasahau njia ya kurudi. Sababu nilikuwa nazo. Hata Dokta alikuwa na sababu.

Sikujua bado kwamba sura ile itamla Sifael mwenyewe. Mwezi Juni Profesa aliiona orodha yangu akauliza yule mzee wa mila anafanya nini kati ya wanafunzi. Mtu hawezi kuwa mwenye siri za mababu na hapohapo mwanafunzi wa kozi ya wiki sita. Alisema, kwa huruma kubwa, kwamba kumkalisha darasani mtu kama yule ni kumharibu. Dokta akaafiki mara moja. Nafasi ya kumi na tatu haikukaa wazi hata siku mbili: aliingizwa Yiamat, mtoto wa dada yake Dokta, kijana aliyekuwa akiuza kanda za muziki pale stendi. Yiamat alikuja porini siku nne kati ya wiki sita, na siku hizo nne Sifael alimfundisha kama alivyowafundisha wote, kwa kumshika mkono na kumwekea mgongo wa kiganja puani mwa mnyama.

Siku ya kufunga kozi Yiamat alipata cheti cha mafunzo. Sifael alipewa Cheti cha Shukrani. Kilikuwa kikubwa kuliko cha Yiamat na kina picha ya ngoma, ya namna ambayo sijaiona Arusha tangu nizaliwe. Kilisema: kwa kutambua mchango wake wa nyimbo za jadi. Watu walipiga makofi. Sifael alikisoma palepale jukwaani, mstari kwa mstari, na makofi yakaisha yeye bado anasoma.

"Mama Najat," aliniambia baadaye, "hiki kitakubalika wilayani?"

"Sijui, mzee. Twende tukajaribu." Nilijua.

Bwana wa pale ofisini alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akakipokea cheti kwa mikono miwili. Akasoma. Nikaona midomo yake inabanwa ili kicheko kisitoke, na kicheko kikatoka.

"Mzee wangu, hizi ni nyimbo. Nyimbo ni Ofisi ya Utamaduni, ghorofa ya juu."

"Mimi natibu ng'ombe," alisema Sifael.

"Sikatai, mzee. Lakini hapa hapajaandikwa ng'ombe. Na bila cheti, nikisikia umechoma sindano, mimi ndiye nitakayekuja kukukamata. Usinitie katika aibu hiyo."

Tulishuka ngazi. Sifael alikikunja kile cheti mara nne, ngoma ikakatika katikati, akakitia mfukoni. Nilitaka alaani. Nilitaka awataje kwa majina, amtaje na mama yake Dokta. Alisema tu kwamba tukiwahi tutapata gari la saa nane. Nakiri kwamba siku ile hata yeye nilimdharau kidogo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wanasema. Huyu alikuwa anawashikia kamba.

Mwezi Oktoba bodi ya bustani ya wanyama ikaja kutazama matunda ya ushirikiano. Wajumbe saba, wenye kofia za aina moja, na madaktari wao wachache. Dokta alimwita Sifael ofisini nami nipo.

"Utaimba mbele yao. Ukifanya vizuri, nitalisemea lile jambo la cheti kwa bodi yenyewe. Na uvae hii." Akamrushia lubega nyekundu, mpya, yenye karatasi ya dukani bado.

"Dokta, hili ni vazi la Waarusha na Wamasai. Mimi ni Mmeru."

"Wageni hawajui tofauti."

"Wewe unajua," alisema Sifael. Lakini aliichukua, kwa ajili ya cheti. Alipofika Terrat aliivaa juu ya koti lake la kaki, na chini mabuti ya mpira yalionekana yote. Profesa alimwomba avue mabuti. Hapo Sifael alikataa, akisema kuna miiba.

Punda milia alianguka vizuri, jike lenye afya. Wajumbe walikaa nusu duara kwenye viti vya kukunja, kamera zikawashwa. Profesa alinong'ona maelezo yake ya mizimu. Sifael alipiga magoti, akafunika macho, akaweka kiganja, akaanza kuimba.

Miongoni mwa wajumbe alikuwamo kikongwe mmoja, Bibi Margareta, mjane wa mchungaji, aliyeletwa bodini kwa sababu marehemu mumewe aliiachia bustani shamba. Safari nzima hakuna aliyemsemesha. Ubeti wa kwanza ulipofika katikati aliinua kichwa. Ulipoisha, Sifael akainua vidole vitano, na bibi yule akasimama, akaja mpaka pale, akapiga magoti vumbini upande wa pili wa shingo ya punda milia. Sifael alipoanza ubeti wa pili, bibi aliingia naye, kwa lugha yake, sauti nyembamba ya kizee. Wimbo mmoja, lugha mbili, mnyama mmoja kati yao.

Hakuna aliyejua la kufanya. Profesa alishusha kamera. Dokta Philemoni aliangalia milima. Ubeti wa pili ulipoisha Sifael aliinua vidole vinne, na hakuna aliyeviona, kwa sababu madaktari wote walikuwa wakimtazama yule bibi. Ubeti wa tatu, vidole vitatu.

"Dawa," alisema Sifael.

Hakuna aliyesogea.

"Dawa. Anakufa huyu."

Kisioki, dereva, ndiye aliyemsukuma daktari mwenye sindano. Dawa ikaingia kwenye mshipa, na baada ya muda kidogo punda milia akavuta pumzi moja kubwa, akatikisa sikio, akainuka, akaenda zake. Bibi Margareta alibaki amekaa chini. Aliniomba nimtafsirie.

"Muulize wimbo huu ameujua wapi."

"Kanisani kwetu, Nkoaranga," alijibu Sifael. "Ubeti mmoja ni nusu dakika. Nahesabia pumzi."

Nilipomtafsiria alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Kisha akamgeukia Profesa na kicheko kikakoma. "Anders," alisema, nami nilisikia vizuri kwa sababu alisema kwa Kiingereza, ili sote tusikie, "wimbo huu waliuimba siku uliyobatizwa. Nilikuwepo."

Siku ile nilirudi Levolosi nikiimba mwenyewe. Nilidhani mambo yamekwisha: uongo umefichuka mbele ya bodi nzima, bibi mkubwa yuko upande wetu, sasa Sifael ataandikwa anavyostahili. Hata yeye aliniuliza kama cheti kingechukua siku nyingi. Nikamwambia siku chache.

Kikao kilifanyika kesho yake na muhtasari niliuchapa. Waliona aibu, hilo lazima niwape. Kwa sababu ya aibu waliamua Sura ya Saba ifutwe yote, na jina la Sifael lifutwe pamoja nayo. Nilisubiri sentensi itakayosema kwamba sasa aingie kwenye vitendo, kwenye sura ya usalama wa mnyama anapolala. Badala yake Profesa alisema kuhesabu pumzi kumeshaelezwa kitabuni, na si utaalamu, mtu yeyote anaweza kuhesabu. Hivyo ndivyo walivyoamua. Ilipokuwa mizimu, ilistahili sura nzima na picha ya ngoma. Walipojua kwamba ni akili ya mtu, saa ya kuazima na wimbo wa bibi zao wenyewe, haikustahili hata mstari.

Na bado hawakutosheka. Kwa kuwa Cheti cha Shukrani sasa kilikuwa na jambo lisilo la kweli, nikaagizwa nimwandikie barua akirudishe. Akakirudisha, kimekunjwa mara nne. Bibi Margareta alipanda ndege, na Krismasi alituma kadi yenye picha ya kanisa kwenye theluji. Aliandika kwamba hatamsahau kamwe yule mwimbaji. Jina lake alikuwa hakulishika.

Hapo ndipo hasira ilinishinda. Fomu za vyeti vya mafunzo zilikuwa kabatini kwangu, muhuri wa Mradi ulikuwa kwenye droo yangu, na sahihi ya Dokta ilikuwa imeshawekwa kwenye fomu tupu, kwa sababu hakupenda kusumbuliwa. Nikachapa: Sifael wa Nkoaranga amehudhuria mafunzo ya wiki sita. Nikagonga muhuri. Alipokuja kuchukua kitenge cha mkewe na kuaga, nikampa.

Alisoma kama alivyosoma kila kitu, polepole. Akakiweka mezani kwangu.

"Mama Najat, hapa umeandika nimehudhuria."

"Ndivyo vyeti vinavyoandikwa, mzee."

"Sikuhudhuria. Nilifundisha."

"Mzee, wilayani hawana cheti cha aliyefundisha. Wana cha aliyefundishwa. Kichukue, kiweke ukutani, utibu ng'ombe."

"Ni uongo," alisema. "Wa kwao uliniumiza kwa sababu ni uongo. Wako nitaupokea kwa sababu ni wako?" Akanishukuru, akachukua kitenge, akaondoka. Nilikasirika kiasi cha kutaka kukichana. Sikukichana. Nilikitia chini ya nguo kabatini nyumbani.

Mwaka uliofuata Mradi ukajifia, msimu wa wafadhili ulipohamia kwenye kitu kingine. Yiamat alifungua duka la dawa za mifugo njia panda ya kwenda Nkoaranga, koti jeupe, cheti ukutani. Sifael alikaa nyumbani na kahawa yake. Watu walimwita kwa siri mwanzoni, kisha yule bwana wa wilaya akapita kijijini kuonya, wakaogopa.

Machi iliyofuata alikuja kwangu Levolosi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Najat alimwamkia akampa kiti. Hakukaa.

"Mtamba wa mama Elieza amekufa jana," alisema. Mama Elieza alikuwa jirani yake, mjane, na yule mtamba, ng'ombe wake mmoja, ndiyo mali aliyokuwa nayo. "Ndigana. Nilimsikia tangu juzi, anapumua vibaya, nasikia nikiwa shambani kwangu. Mama alikuwa anamsubiri Yiamat, na Yiamat yuko mjini. Nilikwenda, nikaweka mkono, nikahesabu, nikajua dawa gani. Mama akaniomba nisiiguse sindano, tusije tukafungwa wote wawili. Tukakaa naye mpaka akafa."

Nilimsogezea kiti tena.

"Kile cheti," alisema. "Bado unacho?"

Nikakitoa chini ya nguo. Alikaa sasa, akakiweka juu ya magoti, akasoma upya kuanzia juu. Mpaka chini kabisa, mahali nisipowahi kupaangalia kwa sababu kwenye vyeti vya wageni paliachwa tupu miaka yote: mkufunzi wa vitendo, sahihi. Aliniomba kalamu.

Akatia sahihi yake pale. Ni sahihi ya watu wa zamani, yenye mikia mingi, isiyosomeka. Aliipuliza wino ukauke.

"Sasa si uongo wote," alisema.

Nilikwenda naye wilayani. Alikuwa yule kijana wa kalamu tatu, naye hakutukumbuka. Alikagua muhuri, akakagua sahihi ya Dokta, akasogeza kidole mpaka chini.

"Hiki sasa ndicho cheti, mzee," alisema, akivuta kitabu cha vibali. "Na huyu mkufunzi wako wa vitendo, alikuwa anajua kazi?"

Sifael aliitazama ile sahihi yenye mikia.

"Alikuwa anajua," alisema, akanyoosha mkono kupokea kibali.